Wageni Walioondoka Kabla ya Jibu

Siku yangu ya kwanza katika Ofisi ya Bunge nilikwenda kazini nimevaa kaptula. Nilikuwa nimetoka Manyoni, ambako nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na huko makarani wote tulivaa kaptula nyeupe na soksi za kufika magotini, tukajiona tumekamilika. Katibu wa Bunge, mtu mrefu, mkavu, anayesema kwa sauti ndogo mpaka unainama kumsikia, aliniangalia magoti kwa muda.

"Nenda kwa fundi leo hiihii ukashone suruali," akasema. "Humu ndani wanaotakiwa kuonekana ni wabunge. Karani akionekana, ujue kuna kitu kimeharibika."

Basi nikashona suruali, nikaanza kazi ya kutoonekana. Niliifanya mpaka nikastaafu, na nyinyi vijana mnaoniuliza kila mara ilikuwa kazi gani hiyo, leo nitawaambia. Lakini kaeni vizuri, maana mkiona naanza kukasirika msidhani nawakasirikia nyinyi.

Nilikuwa karani wa kamati. Bunge zima haliwezi kuchambua kila jambo, kwa hiyo huteua wabunge wachache wakae pembeni, waite watu, waulize, kisha walete taarifa. Hiyo ndiyo kamati. Karani wake huandaa vikao, huhesabu akidi, yaani idadi ya wajumbe ambayo bila hiyo kikao si kikao, na huandika yanayosemwa. Kwa kuwa tulikuwa wachache, karani wa kamati alipangiwa pia zamu ya kukaa katikati ya ukumbi na kuandika kwa hati mkato kila neno la mjadala. Hati mkato ni maandishi ya vijistari na vinukta, yanayokimbia sawa na ulimi wa msemaji. Mimi niliiweza. Katibu aliwahi kuniambia kalamu yangu haina maoni, nikafurahi wiki nzima. Ujana ni kitu cha ajabu.

Sasa kuna dola moja kubwa ng'ambo. Sitaitaja jina, maana walioigombania wengi wameshakufa, na mimi sitaki kugombana na makaburi. Tulikuwa hatupikiki nayo chungu kimoja. Ilikuwa ikiwauzia silaha wakoloni waliobaki kusini mwetu, na magazeti yetu yaliisema vibaya karibu kila siku. Ghafla tukasikia kwamba Rais ametia saini mkataba nayo. Dola italeta fedha na wataalamu, Serikali itatoa ardhi, patajengwa ranchi kubwa ya ng'ombe wa nyama. Na ardhi yenyewe ilikuwa mbuga ya kwetu, upande wa Sepuka, nilikochungia ng'ombe kabla sijajua kushika kalamu.

Aliyesimama bungeni kuulizia mkataba huo alikuwa mbunge wetu. Alikuwa mwalimu zamani, na hata akiwa mbunge alikuwa bado anasema huku akitazama nani hasikilizi. Wengine walipiga meza kulaani urafiki na Dola. Yeye hakuizungumzia Dola kabisa.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "Rais wetu ni mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu haoni vibaya kuonyesha alichotia saini. Naomba mkataba uwekwe mezani, Bunge liusome, na kabla hatujauridhia, kamati iende ikawaulize wenye mbuga."

Kuuweka mezani maana yake ni kuukabidhi Bunge rasmi ili kila mbunge ausome. Kuuridhia ni Bunge kusema ndiyo, saini ile sasa ni yetu sote. Wakati huo haikuwa desturi iliyozoeleka. Wengi waliona saini ya Rais inatosha. Kulikuwa na minong'ono kwamba mwalimu huyu sasa amejichimbia kaburi. Lakini jibu la Ikulu lilikuja la upole kabisa: wausome, na waende wakaulize. Yule mwalimu alitoka ukumbini siku hiyo akitembea kama kijana. Aliniona kwenye ujia akanishika bega.

"Karani, wewe si wa kule? Wewe utakwenda na kamati. Waandikie watu wetu neno lao vizuri. Nalitegemea hilo tu, sina kingine."

Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kwenda, kwa sababu kanuni zilisema mwenye hoja asiwe mjumbe wa kamati inayochunguza hoja yake. Kanuni nzuri hiyo, hata leo naitetea.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa pwani, mwenye heshima zake, mcheshi. Msimfikirie vibaya mapema. Tulishuka treni Manyoni, tukachukuliwa na Landrova mbili, tukafika mbugani vumbi limetupaka rangi moja sote. Watu walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi. Mbele yao alisimama Mzee Sungi, kaka yake baba yangu, yaani baba yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza visima. Chini ya mwamba, katikati ya mbuga, kulikuwa na visima viwili vya kufukuliwa kwa mikono kila kiangazi. Watu huingia mmoja chini ya mwingine na kupokezana vibuyu vya maji hadi juu, na mtunza visima ndiye anayesema ng'ombe wa nani wanywe kwanza. Miezi ya mwisho ya kiangazi, upande ule wote, maji mengine hayakuwapo. Ng'ombe waliishi kwa visima vile, na sisi tuliishi kwa ng'ombe.

"Shikamoo baba mkubwa," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Umenenepa. Hawa ndio wakubwa zako?"

Mwenyekiti aliueleza mkataba, nami nikatafsiri kwa Kinyaturu kwa ajili ya akina bibi. Alieleza vizuri, hakuficha kitu: kifungu kinasema eneo lote litazungushiwa uzio. Kisha akasema, "Bunge limetutuma tuwaulize. Mnasemaje?"

Mtu mmoja alikohoa. Baba mkubwa akasimama, akashukuru kwa safari, akasema neno limefika, beberu ameshachinjwa, wageni wapumzike, nyumba zimefagiliwa.

Hapa ndipo penyewe. Kwetu mgeni akija na neno zito hajibiwi siku hiyohiyo. Anapokewa, anakula, analala. Wenyeji wanarudi majumbani, mtu anazungumza na mkewe, na mama yake kama yupo, na jirani ambaye hawaelewani. Asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka zizini, wanamwendea mgeni pale alipolala na kumpa jibu mdomo kwa mdomo. Kumjibu siku hiyo ni kumwambia kwamba neno lake ni jepesi, na kwamba unataka aondoke. Hakuna mtu pale ambaye angethubutu kumtukana mgeni wa Bunge namna hiyo.

Nilimsogelea Mwenyekiti pembeni nikamweleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Alinisikiliza vizuri, akaangalia saa.

"Karani, treni ya Manyoni inapita kesho asubuhi. Tukiikosa hiyo, kikao cha Bunge kinatukuta njiani na taarifa hakuna."

"Mheshimiwa, ni usiku mmoja tu."

Akacheka, akanipiga begani. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikilala hapa na mgongo huu, mtanipa jembe kweli?"

Wajumbe wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu, maana ni mkubwa wangu aliyetania. Akala kidogo nyama ya beberu kwa adabu, akashukuru, akapanda gari. Nilipotazama nyuma baba mkubwa alikuwa bado amesimama mahali palepale ameshika fimbo yake. Hakuwa amekasirika. Nadhani alifikiri tumekwenda kulala mjini na tutarudi asubuhi.

Kumbe ndivyo alivyofikiri kweli. Baadaye niliambiwa kwamba asubuhi ile walikuja wote, wanawake kwa wanaume, wakakaa pale tulipoegesha magari mpaka jua likawa kali na ng'ombe wakaanza kulia zizini.

Ndani ya treni Mwenyekiti alinisomea taarifa niiandike. Ilifika pale: "Wananchi walielezwa mkataba na kuulizwa maoni yao. Waliupokea kwa utulivu na hakuna aliyepinga." Nikasimamisha kalamu.

"Mheshimiwa, hawajajibu bado."

"Kuna aliyepinga?"

"Hakuna."

"Basi ni kweli tupu, andika."

Na kwa kweli hakukuwa na uongo hata kidogo katika sentensi ile. Nimeigeuza kichwani miaka mingi, sijapata neno la kufuta. Nilipofika Dar es Salaam nilimweleza Katibu wa Bunge, naye akaenda kwa Mwenyekiti, akarudi akaniambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba taarifa ni mali ya kamati, si ya karani, na wajumbe wote wameshatia saini. Mbunge wetu nilipomweleza alikaa chini kwenye ngazi, na suruali yake nzuri.

"Kwa hiyo wameulizwa na hawakusikilizwa," akasema. "Afadhali wasingeulizwa kabisa."

Siku mbili kabla ya mjadala, jioni, nilirudi chumbani kwangu Magomeni nikamkuta baba mkubwa amekaa kizingitini na fimbo yake, watoto wa jirani wakimshangaa. Alikuwa amepanda lori hadi Manyoni, na kutoka hapo treni. Hakuwahi kupanda treni maishani mwake. Nilimwamkia, nikamtafutia maji ya kuoga, nikampikia ugali, na nilipoona amepumzika nikamuuliza, usingizi ukiwa umeniruka kabisa, amekuja kufanya nini.

"Nimeleta jibu," akasema. "Nyinyi mliondoka."

"Niambie mimi baba, nitampelekea mbunge."

Hapo alinitazama kama mtu aliyeombwa auze ng'ombe wa mahari. Aliyeuliza ni yule Mwenyekiti, akasema, na jibu ni lake. Hata hivyo alinieleza nilijue, kwa kuwa mimi ni mtoto wa nyumbani. Jibu lilikuwa hili: malisho wachukue, wamekubali, kwa kuwa nchi ni moja na Rais ameomba. Ila visima viwili vya chini ya mwamba visizungushiwe uzio. Na ng'ombe wa hao wageni wa ng'ambo nao wanywe hapohapo, pamoja na wa kwetu, kwa zamu.

Ndiyo hivyo tu. Watu wazima walikaa usiku mzima na hayo ndiyo waliyoyatoa: ndiyo, na ombi la maji, na juu yake wakawakaribisha wenyewe ng'ombe wa watu tuliokuwa tukiwatukana magazetini. Niligeukia ukutani ili asione macho yangu.

Kesho yake nilimtafuta Mwenyekiti asubuhi na mchana. Nikaambiwa yuko kwenye kikao cha chama chake cha ushirika, mara yuko kwa daktari wa mgongo. Nilichoweza ni kumpatia baba mkubwa kibali cha jukwaa la wageni. Hilo ni jukwaa la juu ambapo mtu yeyote anaweza kukaa kusikiliza, lakini kanuni inamkataza kusema hata neno. Nilimweleza hivyo. Akasema sawa, yeye atamsubiri Mwenyekiti amalize kazi zake. Nilimvika koti langu, mikono ikamfika kwenye vidole.

Siku ya mjadala zamu ya kuandika ilikuwa yangu. Nilikaa chini katikati ya ukumbi, juu yangu upande wa kushoto namwona baba mkubwa, amekaa wima kama yuko kanisani. Wabunge wakaizungumza Dola. Silaha, kusini, heshima ya taifa, fedha chafu na fedha safi. Wengine walisema vizuri sana. Hakuna aliyetaja maji isipokuwa mwalimu wetu, na alipotaka kueleza ombi la visima, ambalo nilikuwa nimemnong'oneza mimi bila baba mkubwa kujua, Spika akamuuliza kama ombi hilo lilifika mbele ya kamati.

"Halikufika, Mheshimiwa Spika, kwa sababu kamati iliondoka kabla halijatolewa."

Ukumbi ukacheka. Spika, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema ana wajibu wa kufuata taarifa iliyo mezani. Mwenyekiti akasimama akaisoma. Alipofika "hakuna aliyepinga," baba mkubwa naye akasimama.

"Bwana Mwenyekiti," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, bila kupaza sauti. "Ulituuliza neno ukaondoka hujalala. Hatukukasirika. Nimekuletea jibu."

Spika akagonga meza. Askari wa Bunge akapanda ngazi, akamshika baba mkubwa mkono, kwa upole, sitamsingizia. Na baba mkubwa akafikiri huyu kijana ametumwa kuja kumchukua, ampeleke chini kwa Mwenyekiti. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alimwambia, "Ahsante mwanangu, twende," akachukua fimbo yake, akajiweka sawa lile koti, akamfuata. Mlango ukafungwa.

Maneno ya mgeni hayaandikwi katika taarifa rasmi. Kanuni iko wazi, na mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Niliandika: "Hapa mgeni mmoja alitolewa nje." Mwalimu wetu alikuwa amesimama anaomba nafasi, hakupewa. Spika akauliza wanaokubali waseme ndiyo, wakasema ndiyo, wasiokubali waseme siyo, nikasikia sauti moja. Mkataba ukaridhiwa.

Nilimkuta baba mkubwa kwenye benchi nje, jioni. Askari alikuwa amemwambia akae hapo. Alikuwa akiutazama mlango wa mbele. Mwenyekiti alikuwa ameshaondoka muda mrefu kwa mlango wa nyuma, kama walivyofanya wote, kwa sababu magari yao yaliegeshwa huko.

"Bado ana kazi?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

Uzio ulijengwa mwaka uliofuata, seng'enge safi za ng'ambo, na visima vikabaki ndani. Wakaleta mashine ya kuchimba kisima kirefu, ikatoa maji ya chumvi. Kiangazi cha kwanza ng'ombe wa kwetu walisimama kwenye seng'enge wakinusa upande wa mwamba, hawakusogea, wakafia hapo wamesimama na wengine wamepiga magoti. Sikuwapo, namshukuru Mungu. Baadaye tukagombana tena na ile Dola, wataalamu wakafunga mizigo, ranchi ikafa. Ilipokuja kuondolewa ile seng'enge, visima vilikuwa vimeporomoka na watu wameshahamishiwa kijiji cha Ujamaa kando ya barabara. Mwalimu wetu, kwenye uchaguzi uliofuata, jina lake halikurudi. Sikuelezwa sababu. Alirudi kufundisha upande wa Mtinko, na tulipokutana alikuwa akiniuliza habari za ukumbi kama mtu anayeulizia ndugu.

Mimi niliendelea na kazi, nikapanda cheo, nikatumikia makatibu wengine. Mmoja wa wakubwa wa wizara iliyoandika ule mkataba tulikuja kukaa naye meza moja siku ya kuagwa kwangu. Nikamweleza habari ya visima. Akaacha kula.

"Ungekuwa mstari mmoja tu," akasema. "Tungeuongeza siku hiyohiyo. Dola ile isingekataa. Mbona hamkutuambia?"

Nilitoka nje nikalia. Nilikuwa nimevaa suti niliyopewa zawadi, mzee mzima, nalia kwenye maua ya watu.

Kabla sijastaafu, baba mkubwa alifariki katika nyumba ya kijiji kipya, si tembe lake, na mifugo yake ilikuwa imekwisha. Nilipata ruhusa nikamwahi. Nilitegemea atanilaumu. Badala yake aliniuliza kama lile gari limeshaonekana.

"Gari gani baba?"

"La yule Mwenyekiti. Aliuliza, na hajaja kuchukua jibu. Mtu mkubwa hawezi kuuliza neno akaliacha." Akapumzika kidogo. "Mimi nikiondoka jibu utabaki nalo wewe. Usimpe mwingine. Na akija usimpokee kwa hasira, mwache kwanza ale, alale."

Nimestaafu, naishi hapa Sepuka, nalima uwele kidogo na nagombana na mbuzi wa jirani. Nyinyi mnaosomea kazi za ofisi nimewapa nilichonacho: kanuni, akidi, zamu za kuandika. Mkitumwa kwenda kuuliza watu jambo, laleni. Mkiikosa treni, mtapanda nyingine.

Mwenyekiti naye alifariki zamani, nilisoma gazetini. Najua hiyo vizuri. Lakini likisikika gari linakuja kutoka upande wa mbugani, mke wangu huniona nimesimama, na huwa haniulizi nakwenda wapi.